Mume Wangu Haamini Bahati

Mume wangu haamini bahati. Atakuambia mwenyewe kabla hujamaliza kuvua koti, na ukikubali kikombe cha chai atakuambia tena, safari hii kwa mifano. Kazi yake ni kupanga ratiba za mabasi hapa London, na nadhani ndiyo iliyomharibu. Mtu ukishinda mchana kutwa ukiamua basi lipite wapi saa ngapi, ukirudi nyumbani unaona hata mvua ingefaa ikuombe ruhusa. Basi likichelewa, kosa ni la abiria. Wanapanda polepole.

Tunaishi Thamesmead, ghorofa ya tatu, mimi na yeye na binti yetu mmoja. Mimi nakaa mapokezi kwenye kliniki ya macho, kazi ya kuwaambia watu wasubiri. Mchezo wa karata uliingia nyumbani kwetu wakati wa korona, tulipokuwa tumefungiwa ndani na kila mtu anatafuta namna ya kutomuua mwenzake. Majirani walijifunza kuoka mikate. Mume wangu alipakua mchezo kwenye simu.

Usidhani ni hizi karata zetu za kopa na shupaza, za kupigwa mezani kwa kishindo hadi chai imwagike. Hizi ziko ndani ya kioo cha simu. Kila karata ni kiumbe au balaa fulani: jitu, panya, mchawi, radi. Unachagua zako thelathini unavyoona inafaa, halafu simu inakutafutia mpinzani mwenye thelathini zake. Huenda yuko Korea, huenda yuko chumba cha pili. Kila mmoja anaanza na uhai wa pointi thelathini. Zamu yako ikifika, simu inakuvutia karata moja kutoka kwenye rundo lako lililochanganywa, inaungana na zile ulizo nazo mkononi, uipende usiipende. Wa kwanza kuishiwa uhai amefungwa. Kuna madaraja ya kupanda, kutoka Shaba hadi Almasi, na kila mwezi wanakushusha ili upande upya, utadhani huna kazi nyingine duniani.

Mtu mwenye akili timamu akisikia habari ya rundo lililochanganywa anaelewa kwamba bahati imo. Mume wangu, hapana. "Bahati ni jina la hesabu ambazo mvivu hajazifanya," alinitangazia siku moja nikiwa namenya viazi. Maneno hayo aliyatunga mwenyewe na aliyapenda sana, akayaweka kwenye status ya simu yake yakakaa wiki nzima. Alikuwa na daftari maalumu la chati. Angeweza kukueleza kwa kirefu uwezekano wa kuvuta jitu kwenye zamu ya saba huku wali unaungua mbele ya pua yake.

Akishinda, alikuwa akinigeuzia simu nione. "Umeona nilivyomsoma?" Nilikuwa sijaona kitu zaidi ya moshi wa rangirangi. Akifungwa, mambo yalikuwa mengine. Intaneti ilikatika kidogo. Waliotengeneza mchezo wamepanga afungwe ili anunue karata mpya. Na zaidi ya yote, mpinzani alibahatisha. Hapo ndipo neno bahati liliporuhusiwa kuingia nyumbani kwetu, kwa masharti kwamba ni la wapinzani peke yao.

Na huyu huyu bwana asiyeamini bahati alinipiga marufuku kupita nyuma ya kochi anapocheza. Alikuwa amegundua, kwa uchunguzi wake, kwamba nikipita anavuta karata mbovu. Alikuwa pia na fulana ya kijani iliyopauka, ya kuchezea. Jumamosi moja niliifua. Akashuka kutoka Dhahabu hadi Fedha siku hiyo hiyo, akaninunia hadi Jumatano. Nilipomuuliza kama siku hizi tunaamini nuksi, akaniambia kwa upole wa mwalimu kwamba hiyo si nuksi, ni utulivu wa akili. Bibi yangu alitundika hirizi juu ya mlango maisha yake yote, lakini angalau hakuwahi kuiita utulivu wa akili.

Mimi nilicheza mara moja tu. Nilibonyeza kilichokuwa kinawaka, nikamfunga. Alisukuma sahani ya ugali pembeni, akanieleza kwa muda mrefu kwa nini ushindi ule hauhesabiki. Sikucheza tena, si kwa sababu nilichoka, ila nilitaka kubaki na rekodi safi.

Binti yetu ndiye aliyekuwa mchezaji wa kweli. Alijifunza akiwa amekaa ubavuni mwa baba yake, kichwa begani, akiuliza kila karata inafanya nini. Amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, hasa ukimsema akiwa chumba cha pili, lakini akijibu anajibu Kiingereza. Baba yake alipenda majitu, karata nzito zinazochelewa kufika na kumaliza kila kitu. Yeye alijaza panya, wadogo wepesi, wanaomwagika uwanjani kabla hujajipanga. Na alichora. Madaftari yake yote yalijaa karata za kutunga mwenyewe, na ukitazama vizuri utakuta jitu lenye miwani ya baba yake. Nilizichukua mbili nikazibandika kwenye friji. Zilikuwa nzuri, na sisemi kwa sababu ni mwanangu.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Alikuwa na miaka kumi na sita na shule ilikuwa imeleta fomu ya kuchagua masomo matatu ya kidato cha tano na sita. Biolojia na hesabu hazikuwa na ubishi. La tatu, yeye alitaka Sanaa. Baba yake alitaka Kemia, maana bila Kemia hakuna udaktari, na udaktari wa mtoto huyu ulikuwa umeshatangazwa kwa ndugu tangu akiwa tumboni. Fomu ilitakiwa irudi Jumatatu. Wakabishana wiki nzima.

"Dad, it's my form," mtoto alisema.

"Na ada ya kuzaliwa ulilipa wewe?" akajibu baba, swali ambalo hadi leo sijui maana yake.

Ilipofika Ijumaa wakawa wanapishana kwenye korido kama wapangaji. Mume wangu akafanya anachofanya kila akishindwa jambo nyumbani. Akaitisha kikao cha familia.

Kwetu sisi kikao si maongezi. Kina ajenda, kina sala ya kufungua, kina mwenyekiti. Mwenyekiti ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, anayeishi Croydon. Anashika cheo hicho kwa sababu ndiye mkubwa na ndiye mwenye daftari la kumbukumbu za vikao. Mjumbe mwingine ni wifi yangu, muuguzi, ambaye Jumapili hiyo alitoka Rayners Lane akabadilisha treni mara tatu na sufuria la pilau mapajani. Tukala kwanza. Kisha sahani zikaondolewa, wifi akaomba, na binti yangu akaketishwa mwisho wa meza.

"Ajenda ya kwanza, mustakabali wa mtoto," akasoma shemeji. Hakukuwa na ajenda ya pili.

Akaanza yeye. Akasema mtoto asome kitu kitakachomweka mjini. Nikamkumbusha kwamba mtoto ameshawekwa mjini, amezaliwa hospitali ya hapo ng'ambo ya barabara. Akaniomba nipitie kwa mwenyekiti.

Wifi akasema, "Mimi nimetoka long day jana, zamu ya mchana kutwa, sina maneno mengi. Kazini kwetu ma-doctor wanalia chooni. Lakini wanalia wakiwa na kazi. Huyo msanii akilia, anamlilia nani?"

Mume wangu akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesomewa risala. Binti akanyoosha mkono, akauliza kwa Kiingereza kama naye ataruhusiwa kusema.

"Utapewa nafasi kwenye mengineyo," shemeji akamwambia.

Mtoto akasubiri. Saa nzima ikapita watu wakimzungumzia naye yupo, na nitakiri kwamba nami nilikuwa nimekaa tu, nikikunja na kukunjua kitambaa cha meza. Yalipofika mengineyo, akamgeukia baba yake. Akamuuliza kama ni kweli, kama anavyosema siku zote, kwamba kwenye karata aliye bora ndiye anayeshinda.

"Always," akajibu mume wangu, kabla sijamfikia mguu chini ya meza.

Basi, akasema mtoto, wacheze. Michezo mitano, wa kufika ushindi wa tatu. Akishinda yeye, anasoma Sanaa. Akishinda baba, anasoma Kemia na hatalalamika tena.

Baba mwingine yeyote angecheka akasema kaa chini. Lakini huyu alikuwa na kaka yake kulia na dada yake kushoto, na wote wawili alikuwa ameshawachosha kwa miaka na mafundisho yake ya hesabu. Kukataa kungekuwa kukiri kwamba kuna kitu kwenye lile rundo asichokimudu. Niliona uso wake ukihangaika. Kisha akatabasamu, tabasamu lile la mtu anayejitia ujasiri kwenye kiti cha daktari wa meno.

"Sawa," akasema. "Na iandikwe."

Shemeji akaandika kwa herufi kubwa: imeazimiwa. Msomaji asiyetoka kwetu hawezi kuelewa uzito wa neno hilo. Likishaandikwa kwenye daftari la shemeji, jambo limetoka mikononi mwa watu. Tuna ndugu aliyeoa kwa sababu yake.

Wifi akaona haifai jambo kubwa namna hiyo lianze bila maombi. Mume wangu akasema hapana haja. Wifi alikuwa ameshafumba macho. Akaomba mwenye haki ashinde, na nikamwona mume wangu akifungua jicho moja, maana yeye alikuwa hajajiandaa kushindana na Mungu, alikuwa amejiandaa kwa panya tu. Baada ya amina akaenda chumbani. Akarudi amevaa fulana ya kijani. Akakaa kwenye kochi lake.

"Mama, wewe kaa jikoni," akaniambia.

Nikavuta kiti nikakaa mbele yake kabisa.

Mchezo wa kwanza mtoto alimfunga kabla chai haijapoa. Mume wangu akasema alikuwa anapasha misuli. Wa pili na wa tatu akashinda yeye. Majitu yalikuja mapema, moja baada ya jingine, na kila likija alikuwa akitutajia uwezekano wake, baada ya kulivuta. Shemeji alirekodi matokeo kama refa. Wa nne mtoto akashinda tena, polepole, midomo ameibana, vidole havitetemeki. Ikawa mbili kwa mbili.

Mimi si mtu wa kuomba hovyo, lakini mchezo wa tano niliomba. Sikuombea haki kama wifi. Nilimwombea binti yangu ashinde, basi.

Na alicheza, jamani. Alimsoma baba yake kweli kweli, tena bila kelele. Alijua jitu gani litakuja, akaacha nafasi liingie, akalizunguka. Hata mimi nisiyejua kitu niliona. Mume wangu alibakiwa na uhai wa pointi mbili. Mtoto alikuwa na panya sita uwanjani, na mmoja tu angetosha kummaliza zamu inayofuata. Mume wangu akabaki na zamu moja. Mkononi hakuwa na kitu cha maana. Kwenye rundo zilibaki karata tisa, na kati ya hizo tisa ni moja tu ingemwokoa. Inaitwa Gharika, inafagia kila kilicho uwanjani. Daftari lake lilisema waziwazi kwamba mtu makini haitegemei.

Akashika upindo wa fulana. Akabonyeza.

Gharika.

Maji ya bluu yakapita kwenye simu zote mbili na panya wote wakaondoka. Zamu tatu baadaye jitu lilimaliza kazi. Mume wangu akaruka kutoka kwenye kochi akipiga kelele, "Hesabu! Hesabu!" hadi jirani wa chini akagonga dari kwa fimbo ya ufagio. Shemeji akampa mkono. Wifi akasema Bwana ameamua, kwa sauti ya mtu ambaye hakuutegemea uamuzi huo.

Nilimtazama mtoto. Nilidhani atalia, au atavurumisha simu, na ningemtetea. Hakufanya hata kimoja. Akasema, "Well played, Dad," akavuta fomu, akachukua kalamu ya baba yake mkubwa, akaanza kuandika Chemistry. Aliandika taratibu, kwa mwandiko wake mzuri. Kilichonichoma hakikuwa kwamba amefungwa. Ni kwamba alimwamini. Miaka yote ile kichwa begani, aliyameza maneno ya baba yake mazima mazima, na sasa alikuwa anajiandikia adhabu akiamini kwamba hakuwa bora.

Mume wangu angenyamaza hapo, huenda nami ningenyamaza. Lakini alikuwa amesimama na watu wanamtazama, na hali hiyo haijawahi kumpita bila hotuba.

"Usione vibaya, mwanangu," akaanza. "Nataka ujifunze kitu. Bahati haikunipandisha mimi ndege kuja nchi hii. Nafasi ya masomo ilikuwa moja. Moja, nchi nzima. Hakuna aliyenivutia karata. Niliichukua kwa akili yangu."

"Shemeji," nikasema, "nina la mengineyo."

"Mengineyo yamefungwa."

"Yafungue."

Nadhani sauti yangu haikuwa ya kawaida, maana alifungua daftari.

Kabla ya kuolewa nilikuwa karani katika ofisi moja ya Dar es Salaam iliyoshughulikia masomo ya nje. Nilichapa barua na kupiga simu. Mume wangu analijua hilo vizuri, kwa sababu ndivyo tulivyokutana. Mimi ndiye niliyempigia kumwambia amepata, na kisa hicho amekisimulia kwenye harusi za watu hadi wapishi wanakijua. Asichokijua nikakisema pale, mbele ya kaka yake na dada yake, na nilikisema kwa hasira. Nafasi ile ilikuwa imeshapewa mtu mwingine, aliyepata mahali pengine bora zaidi akaiacha. Kukawa na orodha ya akiba. Kwenye akiba, mume wangu alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa msichana wa Songea.

"Alikupita alama," nikamwambia.

Nilipiga namba ya yule msichana mara mbili. Ilikuwa simu ya duka la jirani yao. Mwenye duka akaniambia ameenda kijijini msibani, atarudi Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumanne na bosi wangu alitaka jina kabla ya saa kumi. Akasema, mpigie anayefuata. Anayefuata akapokea mlio wa kwanza. Alikuwa dukani kwa mjomba wake, amesimama kando ya simu, kwa sababu mvua ilimzuia kutoka. Habari ya mvua alinisimulia mwenyewe tulipokuwa wachumba, akicheka.

"Msiba wa watu na mvua," nikasema. "Ndivyo ulivyopanda ndege."

Kalamu ya mtoto ilikuwa imesimama katikati ya neno. Wifi akanong'ona, "Yesu wangu." Mume wangu alikuwa bado amesimama katika fulana yake, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi ilivyombana tumboni.

"Alipata alama ngapi?" akauliza.

Mtu mwingine angeuliza kwa nini. Huyu aliuliza alama. Nikamtajia, zake na za yule msichana, maana nilizichapa mwenyewe na sijazisahau. Akazipiga hesabu kichwani, nikamwona akizipiga, kisha akakaa.

"Kaka, niiandike hii au nisiiandike?" shemeji akauliza, akimwita mdogo wake kaka kwa kuchanganyikiwa.

"Mbona hukuniambia?" mume wangu akasema, sasa kwangu.

"Ulikuja Jumatatu kuchukua barua umepiga viatu kiwi," nikasema. "Ukaniuliza mara tatu kama ni wewe kweli. Nikakupenda. Ningekuambia nini?"

Hilo nalo lilikuwa kweli, na lilinitoka bila kupanga. Wifi akaanza kufuta machozi kwa kona ya mtandio. Mimi sikulia, lakini nilijuta kwamba nimemvua nguo mbele ya kaka yake. Sikujuta sana.

Akaitazama simu yake, pale lilipokuwa jitu limesimama kwenye uwanja mtupu likipunga rungu. Kisha akanyoosha mkono akavuta fomu kutoka mbele ya mtoto. Akakata neno Chemistry kwa mstari mmoja ulionyooka, akatia saini kando yake kama anavyofanya na ratiba za mabasi, akairudisha.

"Andika mwenyewe unachotaka," akasema.

"Lakini limeshaazimiwa," shemeji akasema. "Matokeo ni tatu kwa mbili."

"Basi andika na hili. Zilibaki karata tisa, nikavuta Gharika. Andika ilikuwa bahati."

"Bahati tu?"

"Bahati tu, kaka. Andika."

Shemeji akaandika. Binti akaandika Art, akabaki ameshika kalamu, akimtazama baba yake kama anamwona mara ya kwanza, kisha akainuka akaenda akamkumbatia shingoni kwa nyuma ya kochi. Wifi akasema si mliona, niliomba mwenye haki ashinde. Mume wangu akamwambia asivuke mipaka.

Baadaye nikawa jikoni naosha masufuria, na binti yangu akaja kukausha. Nilimsikia anasimama nyuma yangu na taulo mkononi, hakaushi. Akaniuliza kwa Kiswahili, kidogo kidogo, akitafuta maneno.

"Mama, yule dada. Alipiga simu, baadaye?"

"Hapana," nikamwambia.

Alipiga, Ijumaa ya wiki ile ile, asubuhi. Alikuwa ameambiwa na mwenye duka kwamba Dar wanamtafuta, na sauti yake ilikuwa inahema kana kwamba amekuja mbio. Nikamwambia nafasi imeshajaa. Akasema, asante dada, na akakaa kwenye simu kidogo kabla ya kukata. Barua ya yule aliyekuja kuwa mume wangu ilikuwa mbele yangu mezani. Bosi alikuwa bado hajaitia saini, na kijana mwenyewe nilikuwa bado sijamwona kwa macho yangu. Ningeweza kuingia kwa bosi nikamwambia msichana amepatikana. Sikutaka tu kuichapa barua upya.